Ngoma Isiyo na Kazi Hufa



Kila siku ya Mungu neno "makumbusho" hutajwa maelfu ya mara jijini Dar es Salaam. Makondakta wa daladala hulipaza tangu alfajiri hadi usiku: Makumbusho, Makumbusho, Makumbusho! Abiria hupanda, hushuka, hununua maji na karanga, kisha kila mtu hushika njia yake. Lakini hebu muulize mmoja wao kituo hicho kimeitwa hivyo kwa sababu gani. Wengi watakuambia ni jina tu, kama yalivyo majina mengine ya vituo. Wachache watakumbuka kwamba jirani na hapo, kando ya barabara ya kwenda Bagamoyo, kuna Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa mwaka 1967 ili Watanzania wazione nyumba za makabila yao zilizojengwa kwa miti, udongo na nyasi: msonge wa Wahaya, tembe ya Wagogo, nyumba ya Wazaramo na nyinginezo.

Sisemi hayo kwa kumlaumu abiria. Mtu aliyesimama kwa mguu mmoja ndani ya daladala hana nafasi ya kutafakari msonge. Nasema kwa sababu liko swali ambalo limenisumbua kwa muda, na wiki hii napenda tulitazame pamoja. Kwa nini kitu tunachokiita chetu kihitaji kujengewa uzio na kukatiwa tiketi? Na kikishajengewa uzio, je, kinakuwa hai au kimekwisha kufa?

Siku hizi limezuka jina jipya, "kituo cha urithi hai". Utalikuta katika vipeperushi vya watalii, katika miradi ya wafadhili na katika hotuba za viongozi. Jina ni zuri, lakini jina zuri halijengi nyumba. Tuanze basi kwa kulifafanua.

Makumbusho ya kawaida tunayafahamu. Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam yalifunguliwa mwaka 1940, enzi za Mwingereza. Humo kuna kabati za vioo, maandishi madogo na onyo la kutogusa. Hapo ndipo lilipohifadhiwa fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Fuvu hilo ni haki yake kukaa chini ya ulinzi. Halihitaji mazoezi, halihitaji mrithi, wala halihitaji mtu wa kulitumia. Likitunzwa tu, linatosha.

Lakini wimbo haukai katika kabati. Ufundi wa mhunzi haukai katika kabati, wala namna ya kumfunda mwali, wala ujuzi wa mganga wa kutambua mzizi. Ukiweka nyundo ya mhunzi nyuma ya kioo umehifadhi nyundo. Ufundi umebaki kichwani na mikononi mwa mzee, na mzee ana siku zake. Kwa sababu hiyo, mwaka 2003 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, yaani UNESCO, lilipitisha mkataba wa kulinda urithi usioshikika kwa mkono: masimulizi, ngoma na michezo, mila na sherehe, maarifa juu ya maumbile, na ufundi wa jadi. Kenya iliuridhia mkataba huo mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2011. Kwa maneno mepesi, mkataba unasema kwamba urithi wa namna hiyo haulindwi kwa kufungiwa, unalindwa kwa kurithishwa.

Basi kituo cha urithi hai ni mahali panapodai kufanya yote mawili: kutunza vitu, na kuwaweka watu wanaojua vitu hivyo vinafanya nini. Neno ninalolitilia mkazo ni hilo "panapodai". Kudai ni rahisi.

Nilikwenda kulitazama dai hilo Bujora, mkoani Mwanza.

Kutoka Mwanza mjini unashika barabara ya kwenda Musoma. Baada ya mwendo wa kilomita kama 20 unafika Kisesa, kisha unaacha lami na kupanda kidogo kuelekea kilimani, katikati ya yale mawe makubwa ambayo ndiyo sura ya nchi ya Usukuma. Juu pale kuna parokia ya Kikatoliki, na katika eneo hilo hilo kuna Makumbusho ya Wasukuma. Aliyeyaanzisha ni padri kutoka Québec, Kanada, wa shirika la Wamisionari wa Afrika ambao wengi wetu tunawaita White Fathers. Jina lake ni David Clement. Alifanya kazi miongoni mwa Wasukuma tangu miaka ya kabla ya Uhuru, akaona kwamba anaowahubiria wana nyimbo zao, viti vyao vya enzi na namna yao ya kumheshimu Mungu na wazee. Badala ya kuzikataa nyimbo hizo, aliwakusanya watunzi watunge nyimbo za kanisani kwa mahadhi ya Kisukuma. Hata kanisa lenyewe ni la mviringo, na mapambo yake yamechukuliwa katika enzi ya mtemi. Makumbusho yakafunguliwa mwaka 1968.

Mimi ni Mzaramo, na Wasukuma ni watani wangu. Mzee aliyetutembeza, aliposikia kabila langu, hakungoja. "Aa, Mzaramo! Ninyi mmeuza mashamba yote mmebakiwa na vigodoro. Leo umekuja kuazima utamaduni?" Nikamjibu kwamba nimekuja kumdai, maana mababu zake walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani walikunywa maji yetu bila kulipa. Akacheka mpaka akakaa kwenye jiwe. Tukawa ndugu tangu dakika ile. Nakuomba ndugu msikilizaji uuweke akiba utani huo, kwa maana tutauhitaji mbele.

Jengo la kwanza kukuvuta macho limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Mtemi ndilo jina la mtawala wa jadi wa Wasukuma, na wengi hulihusisha na kutema, yaani kukata msitu na kufungua nchi. Ndani ya jengo hilo zimo ngoma za tawala mbalimbali za Usukuma, kubwa kwa ndogo, nyingine zimepasuka ngozi, nyingine zinang'aa kwa mikono iliyozishika. Mjini sisi tukisema ngoma tunafikiria harusi. Kumbe hapa ngoma ilikuwa mhuri wa serikali. Ililia mtemi anaposimikwa na mtemi anapofariki, na ililia nchi inapoingiliwa. Wazee waliokuwa na kauli ya kumchagua mtemi waliitwa banang'oma, yaani watu wa ngoma. Mwenye ngoma ndiye mwenye nchi.

Sasa jiulize, imekuwaje mihuri ya serikali nyingi kiasi hicho ikajikuta katika chumba kimoja, kwenye eneo la parokia?

Jibu ni kwamba mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru iliuondoa kwa sheria utawala wa machifu. Sababu zilikuwepo, na wengi waliziona ni za haki. Taifa changa lenye makabila zaidi ya 100 lilitaka mamlaka moja, na machifu wengi walikuwa wametumiwa na wakoloni kukusanya kodi na kulazimisha amri za kilimo na mifugo ambazo wananchi walizichukia. Siko hapa kuifufua kesi hiyo. Nataka tuone tu kilichozipata ngoma. Siku ile sheria ilipopita, hakuna aliyezichoma. Hakuna aliyezipiga marufuku kulia. Kilichoondolewa ni kazi yake. Hakuna tena mtemi wa kusimikwa na dola, hakuna baraza la kuitwa. Ngoma ikabaki na ngozi yake na mti wake, imekaa pembeni ya nyumba ya mjukuu wa mtemi, mchwa wakiisubiri.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji, ambayo katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga iliwahamisha watu kwa wingi mwaka 1974. Msukuma alikuwa akiishi katika mji wake, mbali na jirani, ng'ombe wakiwa zizini, na uani kuna vijumba vya masamva, yaani wazee waliotangulia, ambako familia ilitambika. Watu walipohamia vijiji vya mistari, walibeba masufuria na mabati. Makaburi na vijumba vile havikubebeka. Kwa hiyo pale Bujora, mbele ya vijumba vya masamva vilivyojengwa kuwa mfano, mgeni huona kitu cha kupiga picha, lakini mzee wa Kisukuma mwenye miaka 70 huona anwani ya nyumbani kwao.

Hili ndilo jambo la kwanza nililojifunza, nalo naliona kuwa ndiyo mzizi wa mazungumzo yetu ya leo. Mila haifi kwa sababu watu wameisahau. Watu huisahau kwa sababu imekosa kazi. Tumezoea kumsema kijana kwamba amepuuza, kwamba mwacha mila ni mtumwa. Methali ina ukweli wake, lakini inamtupia kijana mzigo usio wake peke yake. Kijana hawezi kuendelea kufanya kitu ambacho hakimpi chakula, wala heshima, wala mchumba, wala nafasi ya kusemwa vizuri na watu.

Ushahidi wa maneno hayo uko hatua chache tu kutoka kwenye ngoma za watemi. Kuna jengo jingine, la vyama vya ngoma, na hilo hadithi yake ni ya furaha. Wasukuma husimulia kwamba katika karne ya 19 walikuwapo mafundi wawili wa ngoma na dawa, Ngika na Gumha. Wakabishana nani zaidi. Ubishi wao ukaamuliwa uwanjani: kila mmoja acheze upande wake, na watazamaji watamkimbilia aliye bora. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, wafuasi wa Gumha wakaitwa Bagalu, na mpaka leo vikundi vya ngoma vya Usukuma hujitambulisha kwa upande mmoja au mwingine. Ni kama Simba na Yanga, ila hao wameanza mapema zaidi.

Kila mwezi Juni, baada ya mavuno, karibu na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, hufanyika pale Bujora sherehe ya Bulabo. Vikundi viwili huingia uwanjani kwa wakati mmoja, kila kimoja na upande wake. Hakuna meza ya majaji, wala kadi za alama. Watu ndio majaji, na kura zao ni miguu yao. Kikundi kikianza kuvutia, umati huhama upande wake kama maji yanayotafuta bonde, na kile kinachokimbiwa hubaki kikicheza mbele ya nyasi. Basi kila mmoja hubuni jambo jipya: kuna wanaoingia na chatu, kuna wanaoleta sanamu za kuchezeshwa, kuna wanaotunga wimbo wa kumchokoza mpinzani kwa jina. Na kuna samba, yaani dawa ya mvuto, ambayo kila kikundi huwa na fundi wake, na ambayo watu huijadili kwa sauti ya chini kama washabiki wa mpira wanavyojadili kamati za ufundi.

Tazama tofauti. Ngoma ya mtemi na ngoma ya Bagika zote ni za kale, zote ni za kabila moja, zote ziko kilima kimoja. Moja ilinyang'anywa kazi, ikanyamaza. Nyingine ilibaki na kazi ya kumpatia kijana sifa mbele ya watu, nayo haijanyamaza hata siku moja. Kila mwaka hubadilika, hupokea maneno mapya na mbwembwe mpya. Anayetaka utamaduni usibadilike huyo anataka fuvu, na mahali pa fuvu tumeshapataja.

Kati ya hizo mbili iko ngoma ya tatu, ambayo hali yake ni ya mashaka. Nayo ni bugobogobo, ngoma ya majembe. Wengi mmeiona kwenye sherehe za kitaifa: vijana wanarusha majembe juu, wanayadaka, wanayazungusha mabegani, na watu wanapiga makofi. Asili yake haikuwa jukwaani. Vijana wa Kisukuma walikuwa na vyama vya kulima. Mwenye shamba aliwaita, wakaja na ngoma yao, na mapigo yake ndiyo yaliyoyapandisha na kuyashusha majembe kwa pamoja. Wimbo ulikuwa mashine. Ulimfanya mvivu aone aibu na mchovu asahau mgongo. Miaka ile pamba iliposhamiri, nyimbo hizo zililima sehemu kubwa ya utajiri wa Kanda ya Ziwa.

Kisha plau la ng'ombe likaenea, na baadaye trekta. Hakuna mwenye akili atakayetaka mkulima arudi kwenye jembe la mkono ili mtalii apate kuona ngoma. Lakini jembe lililokuwa likipanda kwa sababu udongo unalisubiri, sasa linapanda kwa sababu kamera inalisubiri. Je, bugobogobo imekufa? Nasema hapana, imebadili mwajiri. Na anayebadili mwajiri hubadili masharti. Mwenye shamba alitaka wimbo wa kutwa nzima. Mratibu wa hafla anataka dakika saba, kwa kuwa mgeni rasmi ana safari nyingine. Nyimbo ndefu, zile zenye historia na vijembe na majina ya njaa na ya vita, hazina nafasi katika dakika saba. Hizo hufa kimya, huku sote tukipiga makofi tukidhani tumeziokoa.

Siku niliyokuwa pale walikuwapo pia wanafunzi wa shule moja ya mjini, wamevaa sare safi. Mzee aliwaonyesha jinsi ambavyo zamani rika moja lilikuwa na maneno yake ya kuhesabu moja hadi kumi, na rika jingine maneno yake tofauti. Kisha akawaomba wamhesabie kwa Kisukuma cha kawaida tu. Walianza wote kwa kelele: limo, ibili, idatu. Kufika tano sauti zilikuwa zimepungua nusu. Kufika saba ilibaki sauti moja, ya msichana mdogo aliyesimama nyuma, ambaye baadaye alituambia analelewa na bibi yake. Alifika kumi peke yake. Wenzake wakampigia makofi kana kwamba ameshinda shindano la kimataifa. Mwalimu wao akatabasamu, lakini mzee hakutabasamu. Wasukuma ndilo kabila kubwa kuliko yote nchini Tanzania. Kama hao, kwa wingi wao, wana watoto wasiofika kumi kilomita 20 tu kutoka mlangoni pa makumbusho yao, wale wenye watu wachache watasemaje?

Kuna mtu ataniuliza: wewe mtu wa redio, si kuna kanda? Ni kweli. Redio Tanzania Dar es Salaam ilizunguka nchi hii kurekodi ngoma za makabila, na hazina ile ni ya thamani kubwa. Kanda, na siku hizi simu, hushika sauti. Lakini sauti haikuambii mpigaji alikunja vipi kifundo cha mkono, ngozi ilikaushwa jua au moto, wala ni nani haruhusiwi kuusikia wimbo ule. Kanda ni shahidi mzuri, lakini shahidi hawezi kukuzalia mtoto.

Na hapo nimegusa jambo jingine ambalo wageni wengi hulilalamikia, la mambo yasiyoonyeshwa. Wasukuma wana vyama vya wataalamu wa nyoka, kama Bayeye na Bagoyangi, wenye ujuzi wa kuwakamata na dawa za kutibu walioumwa. Ujuzi huo hufundishwa aliyeingizwa chamani. Mgeni huonyeshwa nyoka, huonyeshwa ngoma, lakini haambiwi dawa. Mtalii mmoja tuliyekuwa naye alinung'unika kwamba amelipa na bado amefichwa. Mimi niliona kinyume. Mahali ambapo kila kitu kinauzwa mlangoni, hakuna tena mwenyewe wa kukataa. Kule kukataa ni dalili kwamba mwenye mali bado yupo.

Wenzetu wa mbali wamelishughulikia vipi jambo hili? Nitataja mfano mmoja. Huko New Zealand, wenyeji wa asili ni Wamaori. Mwaka 1963, mwaka ule ule sisi tulipoondoa utawala wa machifu, bunge la nchi hiyo lilitunga sheria ya kuanzisha taasisi ya sanaa na ufundi wa Kimaori mjini Rotorua, na mwaka 1967 shule yake ya uchongaji ikaanza kazi. Mahali hapo leo panaitwa Te Puia. Watalii hufurika kutazama chemchemi za maji ya moto na kuangalia wachongaji wakiwa kazini. Fedha ya kiingilio husaidia kuiendesha shule. Na vijana wanaosomea pale hawachongi vinyago vya dukani tu. Wanafundishwa kuchonga nguzo na kuta za nyumba za mikutano, ambamo Wamaori wenyewe hukutana, hulia misiba yao na kupokea wageni. Mtalii analipa, lakini kazi inamngoja mtu mwingine. Hilo ndilo la kuiga, wala halihitaji chemchemi ya maji ya moto.

Sasa tuurudie ule utani niliokuomba uuweke akiba. Utani wa Wazaramo na Wasukuma hauna jengo. Hauna tiketi, hauna mkurugenzi, hauna mradi. Lakini nenda kwenye msiba wowote Tandika au Buguruni, utamkuta mtani amelala mahali pa jeneza akidai ada, na wafiwa wanacheka huku machozi hayajakauka. Kwa nini utani umeishi mjini bila kulindwa na mtu? Kwa sababu una kazi. Mji ni mahali pa watu wasiojuana, na utani humfanya mtu usiyemjua awe ndugu kwa sentensi mbili. Vivyo hivyo kwa kumfunda mwali: somo wa Kizaramo bado anaitwa, hata kama sherehe inafanyiwa ukumbini na kadi zimechapwa. Lakini mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti ambacho mwali wa Kizaramo alikilea kama mtoto, siku hizi ni rahisi zaidi kukikuta katika makumbusho ya Ulaya kuliko Kisarawe. Somo ana kazi, kinyago kimekosa kazi.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukienda kutembelea kituo chochote kinachojiita cha urithi hai, kiwe Bujora, kiwe Kijiji cha Makumbusho, kiwe kaya za Wamijikenda kule pwani ya Kenya, nakupa maswali matatu ya kubeba mfukoni. La kwanza: siku ambayo hakuna mtalii, nani anakuja hapa, na anakuja kufanya nini? La pili: nani anafundishwa, na akihitimu atafanya kazi gani? La tatu: ni kitu gani ambacho sitaonyeshwa, na nani amekataa? Ukipata majibu matatu ya kueleweka, mahali hapo ni hai hata kama paa linavuja. Ukikosa yote matatu, hilo ni ghala, hata kama limepakwa rangi mpya.

Bujora, kwa kipimo hicho, naipa majibu mawili na nusu. Siku ya Bulabo wenyewe wanajaa kuliko wageni. Kuna mambo wanayoyakataa. Lakini la mafunzo bado ni zito, kwa sababu kufundisha kunataka fedha ya kila mwezi, na fedha ya kiingilio cha wageni wachache haifiki huko. Tumeona jitihada: mwaka 2021 pale Kisesa machifu walikusanyika katika tamasha kubwa la utamaduni, na Rais Samia Suluhu Hassan akapewa jina la Hangaya. Siku ile ngoma zililia, na wazee walifurahi. Hata hivyo tamasha ni la siku moja, na mwanafunzi wa ngoma anahitaji siku nyingine 364.

Halmashauri zetu zingeweza kusaidia bila kutumia mabilioni. Shule inayopeleka watoto kutazama, iombe mzee mmoja aje kufundisha kila Ijumaa, naye alipwe kama anavyolipwa fundi wa kompyuta. Anayejenga ukumbi au hoteli Kanda ya Ziwa, ampe kazi mchongaji na mfinyanzi wa huko kabla ya kuagiza mapambo nje. Mwenye hafla, awape bugobogobo nusu saa badala ya dakika saba, na amuulize kiongozi wao wimbo ule unasema nini. Hizo ndizo kazi. Urithi hauombi tuuonee huruma, unaomba ajira.

Na wewe uliye mjini, mwenye wazazi waliotoka Magu, Iringa, Newala au Kigoma, usingoje mpaka ujengewe kituo. Jumapili hii mpigie simu shangazi au babu. Usimwambie "nieleze utamaduni wetu", maana hatajua aanzie wapi. Muulize jambo moja dogo: kwetu mtoto akizaliwa usiku, aliimbiwa nini? Kisha mwambie mwanao asikilize. Wimbo huo utakuwa umepata kazi.